Kupima na Kurekebisha Panga la Kazi



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za mishahara, mikataba na malimbikizo ya malipo. Safari hii tunaandika habari za panga. Huenda wengine wakauliza, chama kina shughuli gani na panga, kitu ambacho kila mtoto wa shamba amekishika kabla hajaingia shule? Jibu ni kwamba mkata miwa wa Busia analipwa kwa tani, na kibarua anayefyeka vichaka kando ya machimbo ya mawe ya saruji kule Tororo analipwa kwa kipande. Watu hawa hawana mashine nyingine. Panga likiwa butu, malipo yanapungua kabla hayajafika mezani kwa karani. Panga likiwa na ufa, mguu wa mtu uko hatarini. Na siku litakapovunjika na kumjeruhi mtu, jambo la kwanza kutafutwa ofisini huwa ni mtu wa kulaumiwa.

Hivyo ndivyo ilivyotokea msimu uliopita katika kambi moja ya wakata miwa upande wa Busia. Panga la ndugu yetu mmoja lilikatika penye mpini akiwa kazini, bapa likaruka na kumchana muundi mama aliyekuwa akikusanya miwa nyuma yake. Mnyapara aliandika neno moja katika daftari lake: uzembe. Bahati njema wenzake hawakuvitupa vipande vya panga lile. Walivifunga katika gunia wakavileta tawini. Tulipopatazama palipokatika tuliona rangi mbili. Karibu nusu ilikuwa nyeusi yenye kutu, na nusu iliyobaki iling'aa kama shilingi mpya. Pale peusi palikuwa na ufa wa zamani, ulioanzia kwenye tundu la riveti ya kwanza, ukaingiwa na jasho na maji ya miwa kwa siku nyingi. Pale palipong'aa ndipo palipokatika siku ile. Maana yake ni kwamba panga lilikuwa limekwisha kukatika nusu, ndani ya mpini, mahali ambapo jicho la mtu halifiki.

Tangu hapo kamati ya tawi ilikubaliana kwamba jambo hili lisiachwe. Tulikaa na wahunzi wa pande zote mbili za mpaka, na mafundi wa karakana, na wakata miwa wazee ambao mikono yao inajua mengi kuliko vitabu. Tukanunua mapanga, tukayajaribu wenyewe. Yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

PANGA LINATOKA WAPI

Watu wa sehemu hizi si wageni wa chuma. Kabla ya reli, na kabla ya mpaka huu kuchorwa, Wasamia walichimba mawe ya chuma katika vilima vyao, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa mpaka kwa Waluo na majirani wengine wa kandokando ya Ziwa Victoria. Jembe lilikuwa mali, na mahari ililipwa kwa majembe. Baadaye zikaja bidhaa za viwanda vya Ulaya, hasa kutoka mji wa Birmingham huko Uingereza, ambako kampuni ya Ralph Martindale ilitengeneza mapanga yenye alama ya mamba. Kazi ya kuyeyusha mawe ikafa. Kazi ya kufua haikufa. Siku hizi mhunzi hapati chuma chake mlimani, hukipata barabarani: springi zilizovunjika za malori yanayopita Malaba na Busia. Na fuawe lake mara nyingi ni kipande cha reli.

Kwa hiyo mfanyakazi anayetafuta panga huku ana aina tatu mbele yake. Kuna panga la kiwandani lenye alama iliyogongwa vizuri katika chuma. Kuna linalofanana nalo sana, lenye karatasi tu iliyobandikwa au alama isiyosomeka, na bei yake ni ya chini. Halafu kuna la mhunzi, lililofuliwa kwa springi. Tulinunua moja la kila aina. Majina ya alama na ya maduka hatutayataja, kwa sababu alama ile ile tumeiona juu ya chuma kizuri na juu ya chuma kibaya. Pima chuma, usipime jina.

Stili ya panga na chuma laini kama cha nondo havitofautiani kwa macho. Tofauti yao ni kaboni iliyomo ndani. Mapanga mazuri huwa na kaboni kama sehemu 7 katika kila sehemu 1,000 za chuma. Springi ya lori huwa na kama 5 au 6. Chuma laini kwa kawaida hakifiki 3. Kaboni hiyo ndiyo inayofanya stili iwe ngumu inapotiwa moto mpaka ikawa nyekundu na kuzimwa ghafla katika mafuta. Lakini stili iliyozimwa tu huvunjika kama kioo, kwa hiyo fundi huirudisha motoni tena, moto mdogo, ili ilegee kiasi. Ndiyo kusema panga zuri si lile lililo gumu kupita yote. Tupa ni ngumu kuliko panga, lakini jaribu kukata kisiki kwa tupa uone itakuwa vipande vingapi. Panga linatakiwa kuwa katikati: lisikunjike kama bati wala lisimeguke kama kigae.

KULIPIMA DUKANI

Mwenye duka atanung'unika ukianza kupima. Mwache anung'unike, fedha ni zako.

Kwanza liinue mpaka kwenye jicho kama mtu alengaye bunduki, utazame kutoka mpini mpaka ncha, upande wa makali na upande wa mgongo. Lililopinda kidogo linaweza kunyoshwa, lakini usinunue taabu ya mtu mwingine. Kisha lishike mpini kwa vidole viwili, legelege, uligonge bapa kwa funguo au sarafu. Panga zima hulia mlio mrefu. Lenye ufa au riveti iliyolegea hulia kwa mkwaruzo, au hukatiza sauti. Mpini wa plastiki hupunguza mlio, kwa hiyo gonga matatu au manne ya fungu moja uyalinganishe. Lililo tofauti na ndugu zake liache hapo hapo.

Halafu likunje. Weka ncha juu ya ubao, elekeza makali mbali na mwili wako na mbali na watu, sukuma polepole mpaka katikati pajikunje kama upinde kwa kiasi cha upana wa vidole vinne, uachilie. Litazame tena kama mwanzo. Panga la stili iliyopata moto vizuri hurudi likanyoka lenyewe. La chuma laini hubaki na kumbukumbu ya mkono wako. Katika yale matatu, lile la bei ya chini lilibaki limepinda. Mengine yalirudi.

Mwisho omba ruhusa ya kupitisha tupa mara moja tu karibu na mpini, mahali ambapo hata hivyo hapatanolewa. Tupa inatakiwa kuuma kwa shida. Ikiteleza kama juu ya kioo, panga ni gumu mno, litameguka mapengo. Ikichimba na kutoa unga mwingi kama kwenye shaba, makali yake hayatafika saa nne asubuhi.

Ukinunua kwa mhunzi, mwombe akuguse kipande cha ile springi kwenye grainda kabla hajaanza kufua. Cheche za stili yenye kaboni hupasuka na kuchanua kama maua mengi madogo. Cheche za chuma laini ni mistari mirefu yenye maua machache. Muulize pia anazimia katika nini. Springi inayozimwa kwa maji mara nyingi hupata nyufa ndogo zisizoonekana; mafuta ni salama zaidi. Mhunzi mzuri hatakasirika kuulizwa. Tuliyenunua kwake alifurahi, akasema kwa kawaida watu huuliza bei tu.

KULIJARIBU KAZINI

Tulitafuta tawi kavu la mpera lenye fundo, tukalikata kwa kila panga mara kumi kumi bila hasira, kisha tukayageuza makali juani. Makali mazima hayarudishi mwanga. Ni mstari usioonekana. Palipokunjika au kumeguka panang'aa kama nukta. Kipimo kingine tulifundishwa na fundi wa karakana, nacho ni kizuri kwa sababu hakitaki nguvu. Laza makali juu ya shina la msumari mnene, kwa pembe ile unayonolea, ubonyeze kidogo huku ukitazama. Utaona makali yanavimba kidogo mahali pa msumari. Ukiondoa yakarudi, ni sawa. Yakibaki yamevimba, ni laini. Yakikatika kipande, ni magumu mno.

La mhunzi ndilo lililoshika makali kwa muda mrefu kuliko yote, lakini si sawasawa: mbele lilikuwa gumu, karibu na mpini lilikuwa laini, kwa kuwa moto wa makaa haukuenea vizuri. Tena ni zito, na baada ya saa sita za miwa uzito huo unauhisi begani. La kiwandani lilikuwa la wastani katika kila kitu, ila lilikuja halina makali kabisa na mpini wake ulikuwa na mikwaruzo ya kutoa malengelenge. Lile la bei ya chini lilikunjika makali kwenye fundo la pili. Hatukulitupa. Mlinzi wetu analitumia kufyekea majani ya uwanja, na kwa kazi hiyo hana lalamiko.

MAKALI

Panga jipya halijamalizika. Kiwandani hulisaga upande wa makali kwa kukadiria tu, kisha hulipaka vanishi lisishike kutu njiani. Ni juu yako kulimaliza. Wengi hulipeleka moja kwa moja kwenye grainda ya stendi, dakika mbili tayari. Hapo tunasema hapana. Makali ni membamba, na chembe za moto huyapasha joto kuliko unavyodhani. Tazama rangi: kwanza inakuwa kama majani makavu, kisha kahawia, kisha samawati, ambayo ni karibu digrii 300. Samawati ni onyo. Ikipita hapo ikawa kijivu, stili imelegea, na hakuna tupa itakayoirudisha. Kama huna njia ila grainda, pitisha kidogo, chovya majini, pitisha tena, na umalizie kwa mkono.

Tupa ya kawaida yenye mpini inatosha. Funga panga katika vaisi, au lilaze juu ya gogo ukalikanyage mpini. Sukuma tupa kutoka mgongoni kuelekea makali ukiwa umevaa glavu, au kutoka makali kuelekea mgongoni ukiwa mzoefu. Ya pili hunoa haraka lakini ndiyo inayokata vidole. Usiivute kurudi juu ya chuma. Tupa hukata kwenda tu, ukiirudisha unaitoa meno.

Pembe ndiyo yenye maneno mengi. Twaa karatasi yenye kona nzuri. Kona ni digrii 90. Ikunje kwa tatu sawasawa upate 30, kisha kwa mbili upate 15. Hiyo 15 ni pembe ya kila upande kwa miwa na majani. Kwa kuni na visiki, kunja kona kwa mbili upate 45, kwa mbili tena upate kama 22. Makali ya miwa ukiyapeleka kwenye kisiki yatakunjika. Makali ya kisiki ukiyapeleka kwenye miwa yatakuchosha mkono kabla ya saa tatu.

Wakata miwa wazee hawanoi panga lote sawasawa, na sababu yao ni nzuri. Muwa hukatwa chini kabisa, maana sukari nyingi iko chini, na kisiki kirefu huharibu machipukizi ya msimu ujao. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya panga hugonga udongo na changarawe kila mara. Vidole vitatu vya mwisho kabla ya ncha wape pembe ya kisiki. Sehemu pana inayofuata, ambayo ndiyo inayokata muwa, wape pembe nyembamba. Sentimita 6 au 7 karibu na mpini usizinoe kabisa, uzilainishe kwa tupa, kwani mkono wenye jasho ukiteleza mbele, hapo ndipo utakapofikia. Kisha lile bega linaloachwa na tupa, pale makali yanapoanzia kwenye bapa, lizungushe kidogo lisiwe kona. Panga halitanasa katika ukuni.

Ukimaliza kwa tupa, pitisha kinoo mara chache kuondoa uzi wa chuma uliokunjamana upande wa pili. Wakati wa kazi, kinoo peke yake kinatosha. Tupa iache kwa jioni.

MPINI NA UFA

Turudi kwenye lile panga lililokatika. Nyufa hazianzii popote tu. Huanzia mahali penye kona kali au tundu lililotobolewa vibaya, kama vile kitambaa kinavyochanika palipo na mkato mdogo. Katika panga kuna mahali pawili pa namna hiyo: kona ambapo bapa linapungua na kuwa mkia unaoingia ndani ya mpini, na tundu la riveti ya kwanza. Kila pigo linalogonga fundo hukusanyika hapo.

Kwa hiyo rekebisho lililo muhimu kuliko yote ni kufungua mahali hapo. Mpini wa plastiki uliofunika mkia wote ni mzuri kwa macho, ila unaficha. Tunapendekeza uutoe kwa kukata vichwa vya riveti kwa tupa, usiuchome moto hata kidogo, maana moto huo huo utalegeza stili. Lainisha kingo za matundu kwa tupa ya duara. Zungusha ile kona ya bega isiwe kona tena bali mkunjo. Halafu weka mpini wa mbao wa vipande viwili, ukingo wa mkia uonekane juu na chini, na chuma kidogo, kama upana wa kidole, kibaki wazi kabla mpini haujaanza.

Mbao ziko tele. Mti ambao Waluhya huuita lusiola, Waluo siala na Waganda musambya, umetumika kwa mipini tangu zamani. Mpera pia ni mgumu na haupasuki upesi. Ukate ukauke kwanza kivulini wiki kadhaa. Mpini mbichi hunywea na riveti zikalegea. Unene wake uwe wa kutosha vidole vyako kukaribia kugusa kiganja, si zaidi. Mpini mnene huchosha, mwembamba huzunguka mkononi. Kwa akina mama na vijana wenye viganja vidogo, huu ndio urekebishaji utakaowapa nafuu haraka kuliko kunoa kwenyewe. Mwisho wa mpini uvimbe kidogo kuelekea chini, uzuie mkono kuteleza nyuma. Riveti unaweza kutengeneza kwa msumari mnene uliokatwa na kufuliwa vichwa pande zote mbili.

Wengi huzungusha tyubu ya baisikeli juu ya mpini, na tyubu haikosekani Busia, mji uliowapa Waafrika Mashariki neno bodaboda tangu vijana walipoanza kupakia abiria kwa baisikeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Tyubu hushika vizuri na hupunguza mtikisiko. Lakini hutunza maji na huficha ufa. Ukiifunga, ifungue kila juma.

Na ufa unautafutaje? Mafundi wa reli walikuwa na njia isiyo na gharama. Safisha mkia na bega la panga, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, pangusa mpaka pakauke kabisa, kisha sugua chaki nyeupe. Kaa kama robo saa. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari juu ya chaki. Tuliyapima hivyo mapanga ya kambi ile yote. Tuliyoyakuta na mstari tuliyavunja wenyewe kwa nyundo mbele ya wenyewe, wakaona ile rangi nyeusi ndani.

Panga lenye ufa halilehemiwi. Tunalisema hili kwa mkazo, maana ukitembea mitaa ya mafundi utaona yakilehemiwa kila siku. Moto wa kulehemu huifanya stili ya kando ya mshono iwe ngumu na kavu kama kigae, na panga litakatika tena sentimita moja tu kutoka pale, mara nyingi siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo hatuungi mkono kulehemu ndoano mgongoni mwa panga kwa ajili ya kupukuta majani ya miwa. Katika nchi nyingine visu vya miwa huwa na ndoano hiyo, lakini imekatwa katika bamba moja na bapa, haikubandikwa. Ukitaka panga fupi, likate kwa msumeno wa chuma, si kwa gesi, na uizungushe ncha mpya kwa tupa.

KILA SIKU

Maji ya miwa yana sukari na asidi, na hula chuma usiku kucha. Jioni lioshe, likaushe, lipanguse kwa kitambaa chenye mafuta. Oili chafu ya gari huzuia kutu vizuri, lakini panga hilo hilo unakatia muwa unaoutafuna na ndizi za watoto. Mafuta ya kupikia kidogo yanatosha. Asubuhi kabla ya kuingia kwenye mistari ligonge usikie mlio, utikise mpini, utazame riveti ya kwanza. Haichukui muda wa kuvuta sigara. Kati ya mkataji na mwenzake pawe na nafasi ambayo mikono yao miwili iliyonyoshwa na mapanga yao haigusani, na mkusanyaji asisimame nyuma ya mkataji kwenye mstari wa pigo. Njiani panga litembee ndani ya ala. Kipande cha mpira wa tairi ya lori kilichoshonwa kwa waya kinatosha, na katika matatu au mahali pa ukaguzi mpakani kitakuepusha na maswali mengi.

NANI ALIPE

Yule mama alipata matibabu, na ile hoja ya uzembe tuliijibu kwa vile vipande viwili vya panga mezani. Wanachama wajue kwamba hata bila vipande, neno uzembe halitoshi kumnyima mtu haki yake. Nchini Kenya, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inazungumzia utovu wa makusudi, si kuteleza kwa mkono. Na hata utovu huo haumwondolei haki aliyelemaa vibaya au jamaa za aliyekufa. Mwajiri akishajulishwa ajali anatakiwa kuipeleka taarifa kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7. Nchini Uganda, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema wazi kwamba fidia italipwa hata kama mfanyakazi mwenyewe hakuwa mwangalifu. Kwa hiyo ajali ikitokea, mkimbizeni aliyeumia hospitali, na mtu mwingine akusanye vipande vyote vya panga, avifunge katika kitambaa kikavu bila kuvisugua wala kuvipaka mafuta, na ajali iandikwe siku ile ile. Wanaofanya kazi chini ya kontrakta waandike jina lake na jina la kampuni inayopokea miwa.

Lipo na jambo ambalo halijaandikwa katika sheria yoyote, nalo ni saa ya kunoa. Kiwanda hakimwambii fundi wake anoe visu vya mashine usiku nyumbani kwake kwa tupa aliyoinunua mwenyewe. Mkata miwa anaambiwa hivyo kila siku, kwa kuwa anayelipwa kwa tani hahesabiwi dakika. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke na kutunza vifaa na taratibu za kazi zilizo salama. Kwa maoni yetu, panga ni kifaa, na kulinoa ni kukitunza.

Tunawaomba wawakilishi wa chama katika kila kambi wafanye kipimo cha chaki kabla ya mazungumzo ya mkataba mpya kuanza. Andikeni mapanga mangapi yamepimwa, mangapi yamekutwa na ufa, nani aliyanunua, na kila mkataji hutumia tupa ngapi kwa msimu mmoja. Orodha hizo zifike tawini pamoja na mapanga yenyewe yaliyopasuka. Chaki na mafuta ya taa vitatolewa na ofisi ya tawi.